Siku Uliponionyesha Moto kule Korongoni

Mama-mukwe,

Barua hii naiandika nikiwa nimeipa mgongo picha yako, ile tuliyoitundika juu ya televisheni, usije ukasema kwamba tangu uondoke mukwe wako amesahau adabu. Najua ulinifungulia mlango mwenyewe. Lakini adabu haimalizwi na sahani moja. Jina lako sijalitamka hata leo, na hapa kwenye karatasi sitaliandika. Anayetaka kulijua amuulize mjukuu wako, yeye ndiye anayelivaa, ndiyo maana sisi tunamwita Mamu tu.

Unisamehe pia Kiswahili hiki. Ni cha vitabu. Nilikibeba mwenyewe kutoka Dar es Salaam, nyuma ya lori, juu ya magunia, kikavuka Tunduma, kikavuka Zambia yote, kikapita Kasumbalesa bila afande hata mmoja kukifungua. Shuleni niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Akili ilikuwa bado ipo, ni barabara iliyoniita kabla mwalimu hajamaliza. Kwa hiyo kama katikati ya sentensi Kiswahili chetu cha Lubumbashi kitatoa kichwa dirishani, usikikemee. Kiko kwao.

Sasa habari yenyewe. Mamu ameleta kijana.

Ni mtu mzuri. Anatengeneza friji pale Kamalondo, mikono yake ni safi, viatu vyake anavipiga rangi hata siku ya vumbi. Wazee wameonana, mambo ya wazee yamekwisha. Limebaki jambo la moto, na hilo ni la binti yako, maana sasa yeye ndiye mama-mukwe. Unaliona hilo? Yule msichana aliyekuwa anachungulia kwenye uzio wako, leo kuna mwanaume mzima anavuka barabara kwa kumwogopa.

Juzi alikuwa anatwanga sombe, kisamvu cha kwetu huku, akaacha mchi hewani, akaniuliza: "Papa Mamu, mama alisemaka nini siku ile? Maneno yenyewe. Miye shikukuwa kule."

Ni kweli hakuwepo. Ulikuwa umfundishe siku ikifika, na siku imefika wewe ukiwa umelala Kasenga karibu na mto wako. Watu wazima waliokuwa karibu na moto ule ni wewe, mimi na Mwalimu Fidele wa shule ya Mamu, na Mwalimu Fidele siku hizi hakumbuki hata alipoweka miwani. Nimebaki mimi. Nikamwambia nitamwandikia. Nilipokaa kuandika, kalamu ikakataa kumwandikia yeye, ikakuandikia wewe.

Na kwa wale wanaosoma juu ya bega langu, kwa sababu nyumba hii haina siri na binti yako amekwisha kupita nyuma yangu mara kadhaa akijifanya anatafuta kibiriti, wacha nieleze kidogo. Kwenu kule Luapula, mwanaume akioa hali chakula cha mama-mukwe wake. Haingii jikoni kwake, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Akimwona barabarani anahamia upande wa pili. Siyo chuki. Ni heshima, tena heshima yenye jasho. Inakuwa hivyo mpaka siku mama-mukwe mwenyewe atakapomwita, amsimamishe mbele ya mafiga na kumwambia: moto ni huu. Kuanzia hapo mtu ni mtoto wa nyumba. Kuna wanaoonyeshwa moto kabla mtoto wa kwanza hajakaa. Mimi ulinisahau nje mpaka Mamu akaota meno, akayang'oa, akaota mengine.

Unakumbuka sikukuu za Noeli? Nyumbani kwako Kamalondo watu wanakula, wanaimba, harufu ya kuku inaruka ukuta kunitafuta, na mimi niko kwenye kiti cha lori nje ya uzio na mkate wangu. Binti yako alikuwa anatoka kunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikimuuliza, anasema ni moshi. Mama, mimi nimeendesha gari katika nchi sita, moshi naujua. Haikuwa moshi.

Tulimtuma shangazi yake akuulize kosa langu ni lipi. Akarudi na jibu lako, kavu kama samaki wa Kasenga: "Ule bwana iko na kinywa kama redio. Nitamuonyesha moto siku nitaona yeye mwenyewe, si kinywa yake."

Redio. Mimi, niliyeongea Kiingereza na Wazulu pale Durban mpaka wakaniomba nipumzike. Niliudhika wiki nzima, nikamweleza kila mtu katika kituo cha malori jinsi nilivyoudhika, na sikuona kwamba hapo hapo nilikuwa nakupa haki.

Basi mwaka ule, masomo yalipofungwa na baridi ya mwezi wa saba kuingia, shule ya Mamu ikapanga kuwapeleka watoto wa la tano kupiga kambi kwenye makorongo chini ya Kundelungu, wajifunze kuogelea na waijue nchi yao. Shofele wa basi lao akaugua mgongo. Wakaniita mimi, kwa kuwa katika mji huu ukitaja barabara mbaya jina langu linakuja lenyewe. Asichoniambia mtu ni kwamba na mpishi wao alikuwa amesafiri kwenda kwenye kilio, na kwamba kamati ya wazazi ilikuwa imemuomba kambo yake Mamu, yaani bibi yake, wewe.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye usukani, nawaeleza watoto namna nilivyoshuka mlima mmoja wa Afrika Kusini kwa gia peke yake. Nikaona sufuria inaingia mlangoni. Nyuma ya sufuria, sufuria nyingine. Nyuma ya hiyo, kikwembe chako, kitenge kile cha kijani.

Nilitoka kwa dirisha. Mwanaume wa kilo zangu.

"Shofele," Mwalimu Fidele akaita, "unaenda wapi?"

"Naangalia pneu, Mwalimu," nikasema, nimejibanza kwenye gurudumu.

"Pneu njo unaikumbatia vile?"

Ulikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, nami nikapanda nikiangalia sakafu. Tatizo likabaki moja: kioo cha juu ya shofele. Kila nikiinua macho kuona watoto, uso wako umo ndani, umekaa katikati kama picha ya mtakatifu. Nikavua kofia yangu, nikaivalisha kioo.

"Sasa unaendesha bila kuona nyuma?" Mwalimu Fidele akauliza.

"Nyuma iko bukwe, Mwalimu. Tuombe Mungu ya mbele."

Mtoto mmoja akacheka, basi zima likafuata, na wewe ukatazama nje ya dirisha. Hayo niliambiwa na Mamu, aliyekuja kuninong'oneza nyuma ya kiti changu. Akasema pia kwamba mdomo wako ulitikisika kidogo. Nilikaa na mtikisiko huo mpaka Kasomeno.

Pale Kasomeno tulisimama, ukashuka kununua. Akina mama waliotoka Kasenga walikuwa na samaki wakavu kwenye mabeseni, na ulipoanza kusema nao Kibemba cha kwenu sauti yako iligeuka, ikawa ya msichana. Mmoja alisema kitu, ukacheka. Nilikuwa nyuma ya gurudumu nikijifanya nakaza bolti, na bolti yenyewe ilikuwa imekaza tangu kiwandani. Nikafikiri: kumbe huyu mama ana kicheko. Kinakaa wapi siku zote?

Nimeona mengi, mama. Nimeona bahari mbili na mlima wenye theluji, ingawa ule wa theluji niliuona kwa mbali na mawingu yalikuwepo. Lakini korongo lile liliniweka mahali pangu. Ardhi inakwenda tambarare, majani yamechomwa, vumbi, kisha bila kukuonya inapasuka. Unasimama ukingoni, miti chini inaonekana kama mafungu ya sombe sokoni. Kuta ni nyekundu, zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama vikwembe kabatini mwa mwanamke aliyeolewa vizuri. Na ukisema kitu, ukuta unakirudisha. Watoto waligundua hilo mapema, na kuanzia hapo hatukuwa na amani. Mimi mwenyewe nilitaja jina langu mara moja tu, kupima. Korongo likalikubali.

Basi lilibaki juu, na kambi tukaipiga hapo hapo ukingoni, hema za watoto upande mmoja, moto wako upande mwingine. Na hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Kambi nzima ilikuwa na moto mmoja, na moto huo ulikuwa wako, na mimi sikuwa nimeonyeshwa.

Watoto walikula bukari, yaani ugali, na samaki wa mchuzi wa nyanya. Mwalimu Fidele alikula, akaongeza, akalegeza mkanda. Yule mzee wa kijiji aliyetuonyesha njia, aliyetuhakikishia kwamba dimbwi la kuogelea kule chini halina mamba, naye alikula kama mtu anayelipwa deni, kisha akarudi kwao. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya basi na mkate wa jana na kopo la sardini. Siku ya pili, mkate wa juzi na sardini. Nilikuwa najisifu kwa watoto kwamba kule Walvis Bay watu wakubwa hawali kingine. Mamu akanitazama na macho ya mama yake. Hakusema ni moshi, kwa sababu upepo ulikuwa unapeleka moshi upande mwingine.

Kusema ilibidi tuseme, kambi haiendi kwa ububu. Ukachagua basi liwe mjumbe wetu. Ulisimama karibu na taa zake za mbele, ukalitazama vizuri, ukaliambia: "Weye bisi, kama ungekuwa na masikio ungesikia kuni zimeisha."

Nami nikaligonga bati la mlango: "Bisi yangu, tuamuke. Mama ya watu hawezi kupika na miguu yake."

"Bisi, ambia shofele wako alete kavu. Ya jana ilikuwa inalia."

"Bisi, ambia mama kama miye niliikata na giza, lakini leo nitaleta kuni ya kuchekelea."

"Bisi, shofele wako anasema mingi."

Watoto walikuwa wanakaa mstari kutusikiliza kama wako senema. Kuna mmoja, leo ni mtu mzima ana duka, mpaka sasa akiniona mjini anagonga gari lolote lililo karibu na kuliambia: "Ambia papa Mamu, bonjour."

Dimbwi lilikuwa chini kabisa, njia ya kushuka ni ya mbuzi. Jua lilikuwa linaingia ndani ya korongo adhuhuri tu, linakaa kidogo kama mgeni aliyeacha gari linawaka, kisha linatoka. Kwa hiyo watoto waliogelea wakati huo peke yake, na hata hivyo meno yao yalikuwa yanapiga ngoma. Mwalimu Fidele aliwafundisha vizuri, lazima niseme. Kwanza kulala juu ya maji kwenye kina kifupi, kisha kupiga miguu wameshika gogo. Na siku ya mwisho kila mtoto avuke kutoka kwenye jiwe bapa mpaka mchanga wa ng'ambo. Siyo mbali. Mtu mwenye nguvu anatupa kandambili ikafika.

Wakavuka. Wengine kwa gogo, wengine kwa fujo, mmoja kwa machozi. Ng'ambo kukajaa watoto wanaotetemeka na kujisifu. Kwenye jiwe bapa akabaki Mamu peke yake, amejikunja, kidevu juu ya magoti.

"Mamu iko kuku," wakaanza kule ng'ambo. "Kuku ya shofele." Na korongo, ambalo halina huruma, likarudia: kuku ya shofele.

Mwalimu Fidele akachuchumaa kando yake. "Unataka nini ili uingie?"

Akafikiri. Yule mtoto alikuwa na akili ya wakili tangu kuzaliwa. "Nitaingia kama papa ananikamata mukono huu, na kambo ananikamata mukono huu. Bote mbili pamoja."

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbingu, ambayo kule chini ni utepe tu. Wewe ulikuwa pembeni unasugua sufuria kwa mchanga, na mkono wako ukasimama. Mukwe na mama-mukwe, ndani ya maji mamoja, nguo zimelowa, kati yao mtoto tu. Hata bibi zangu wa Kasai, ambao hawakubaliani na bibi zenu katika jambo lolote, katika hili wangeshikana mikono kukataa.

Ukaweka sufuria chini. Basi lilikuwa juu, mjumbe hayupo. Ukaligeukia jiwe.

"Weye jiwe. Ambia ule muntu kama mayi haina mukwe."

"Jiwe," nikasema, "ambia mama nimesikia."

Niliingia na suruali yangu ndefu na shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, uso nimeugeuzia ukuta. Tena nataka ijulikane: mimi kuogelea najua. Nilijifunza Kalemie, nikamalizia Durban. Nikiogelea hata samaki wanahama. Lakini wewe uliingia kama mtu anayerudi chumbani kwake. Kikwembe umekifunga chini ya kwapa, hakuna tone lililoruka. Ndipo nikakumbuka kwamba baba yako alikuwa mvuvi, na kwamba kabla ya kuwa mama wa watu ulikuwa mtoto wa Luapula.

Nikamshika mkono wa kushoto, ukamshika wa kulia. Tukatoka kwenye jiwe.

Na nikaanza. Nilimwambia apige miguu. Nilimwambia ainue kichwa. Nilimweleza wimbi moja la Durban lililokuwa refu kama nyumba ya posta, na namna nilivyolipita kwa chini. Wewe ulikuwa unamwambia polepole, "Lala, Mamu. Kama kitandani." Mimi nasema kichwa juu, wewe unasema lala, na kwa adabu kila mmoja anamtuma mtoto kwa mwenzake. "Kambo anasema," akaanza, maji yakaingia mdomoni. "Papa anasema," yakaingia tena. Kila neno langu lilikwenda ukutani na kurudi, lililolifuata likakutana nalo njiani. Mtoto alikuwa na baba watatu, wote wanapiga kelele. Akakata tamaa. Miguu ikazama, mkono wake ukatoka kwako, ukakamata kola ya shati langu, akanipanda shingoni. Nikameza maji. Na bado nilikuwa nasema.

"Mukwe."

Sijui kama unakumbuka. Hukuligeukia jiwe. Hukumtuma mtoto. Ulinitazama mimi, usoni, na katika miaka yote ile ndilo neno la kwanza lililotoka kwako likaja moja kwa moja kwangu.

"Mukwe. Nyamaza. Muachilie."

Nikanyamaza. Korongo likarudisha neno langu la mwisho, likalitafuta jingine, likakosa, nalo likanyamaza.

Nikavitoa vile vidole kwenye kola, kimoja kimoja. Kumwacha mtoto wako juu ya maji, mama, ni kazi kuliko mlima wowote niliowahi kuwasimulia watu. Ukaweka kiganja chini ya mgongo wake, ukakitoa. Akalala. Macho ameyafumba, masikio ndani ya maji, nywele zimefunguka pande zote. Maji yalimshika kama yalikuwa yanamngoja tu tumalize kusema. Akapiga mguu mmoja. Akapiga mwingine. Akaanza kwenda.

Tulikwenda naye, wewe upande wako na mimi upande wangu, hakuna anayemgusa. Nilisikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia tangu tufike: maji yanavyoteleza kwenye mwamba, pumzi yake, pumzi yako. Hata wale wa ng'ambo waliacha habari ya kuku. Kichwa chake kiligusa mchanga, akafumbua macho, akakaa, akaangalia nyuma alikotoka.

"Nimefika peke yangu?" akauliza.

Uliniangalia. Ulikuwa unangoja, nilijua unangoja, kwa maana hapo ndipo mtu kama mimi anapoingiza Durban. Nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo. Basi.

Nilipanda njia ile ya mbuzi bila kusema. Nilibadilisha nguo bila kusema. Mwalimu Fidele akaja kunishika paji la uso kama nina homa, akauliza kama kuna aspirini.

Jua lilikuwa bado liko ukingoni, limeukamata ukuta wa ng'ambo ukawa kama makaa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya basi na kopo langu la mwisho, natafuta ufunguo wake. Nikasikia unaniita: "Mukwe, kuya."

Haya ndiyo maneno, nayaandika polepole kwa ajili ya anayesoma juu ya bega langu. Ulinisimamisha mbele ya mafiga matatu. Ulivuta kuni moja, ukaipuliza mpaka ikaota ulimi, ukairudisha. Ukasema:

"Mukwe, moto njo huu. Mafiga njo haya. Njala ikikukamata, hapa njo kwenu. Uliona?"

"Nimeona, mama."

"Ukiona, ukae."

Hayo tu. Binti yako alidhani yatakuwa mengi. Na mimi, kwa kuwa mtu hapokei moto mikono mitupu, na sikuwa na kuku wala kikwembe wala chochote katika pori lile, nikanyoosha nilichokuwa nacho mkononi. Kopo la sardini. Nikalitoa kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Ulilitazama. Ulinitazama. Ukacheka. Kile kicheko cha Kasomeno, chote, kikatoka, kikashuka korongoni na kurudi, na watoto wakacheka kwa sababu ulikuwa unacheka, na wewe ukajishika kiuno ukasema, "Mungu wangu, binti yangu aliolewa na boutique ya makopo."

Nikala. Bukari, samaki wa Kasenga, nyanya, pilipili kidogo. Nimekula katika hoteli za Johannesburg ambako sahani ni kubwa na chakula kinatafutwa. Sikuwahi kukaa na sahani kama ile. Ilikuwa imezidi chumvi kidogo. Nilitaka kusema. Sikusema, na hilo nalo nadhani ulilihesabu.

Siku ya kurudi niliivua kofia kwenye kioo, nikaivaa. Kabla ya kufika Kasomeno nikainua macho nikakuona kule nyuma umelala, mdomo wazi kidogo, Mamu kichwa juu ya mapaja yako, sufuria miguuni. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi. Malori yote yalinipita. Wakinitukana nawapungia mkono.

Na Noeli iliyofuata binti yako hakutoka nje kunitafuta. Nilikuwa ndani, jikoni kwako, nageuza kuku. Kulikuwa na moshi kweli kweli, na macho yake yalikuwa meupe.

Tulipokuja kukuzika Kasenga, ulikorudi uzeeni, akina mama walipanga vyombo vyako. Mmoja akatoka na kopo, kutu imelila pembe zote, akasema lilikuwa kwenye rafu karibu na Bikira Maria. "Hii sardini iliisha kuharibika. Tutupe?" Nikamwambia alete. Sikueleza. Unaona namna ninavyoendelea vizuri.

Sasa turudi kwa yule kijana. Shida yake ni kwamba hasemi. Mimi nilikuwa redio, huyu ni redio iliyokosa betri. Akija anasimama kwenye geti, anaamkia kwa kichwa, anakula mandazi yake huko nje akiangalia barabara. Binti yako akatoa hukumu: "Nitamuonyesha moto siku nitasikia sauti yake." Nilikuwa nakunywa chai, mama, ikatokea puani. Mamu hakucheka. Alikuwa anamchungulia kwenye pazia, nikayaona macho yale. Nilifikiri nimeyaacha kwenye sikukuu za zamani.

Basi Jumapili iliyopita binti yako alikuwa anafagia kiwanja, kijana yuko getini kama kawaida. Akasimama, akamwambia fagio, kwa sauti yako ile ile, sijui aliitoa wapi: "Weye fagio, ambia ule kijana kama jua ni kali, anaweza kurudia kwao."

Kisha nikasikia kutoka nje, taratibu, mtu anasema na mlango wa geti:

"Geti, ambia mama miye shina haraka. Niko hapa."

Fagio likasimama. Binti yako akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni, akakaa kidogo. Alipotoka akasema, "Jumamosi."

Kwa hiyo Jumamosi, mama. Maneno yako ninayo, nimeyaandika hapo juu na atayakuta. Mafiga yatakuwa matatu, siyo mbabula ya makaa, nimekwisha kuyatafuta mawe. Kijana nilimwita pembeni nikampa kopo. Akaligeuza, akaona kutu, akaona tarehe. Nikamwambia siku ya moto huji mikono mitupu, umpe mama kwa mikono miwili, upige goti. Akaniuliza kama lina kitu ndani. Nikamwambia ndiyo, lakini halifunguliwi.

Binti yako ameniomba jambo moja tu. Wakati anamwonyesha, mimi nisieleze. Nisitaje Durban, nisitaje korongo, nisimsaidie mtoto wa watu kujibu. Nikae kando kwenye kiti changu, nimwachilie.

Najua namna ya kufanya. Nilifundishwa na mtu wa mto.

Lala vizuri kule Kasenga, na ukiona maji yametulia siku hiyo adhuhuri, ujue ni mimi nimenyamaza.

Mukwe wako,
yule wa sardini